"I live at Goma" imekatwa na bic nyekundu: in, on, at, nichague vipi?

binti_wa_Himbi

Jambo wote. Niko Goma, nimesoma kuanzia primeri mpaka diplome mu Kifaransa kama wengi wetu hapa, Kingereza nimekipata nyuma, kwa redio, kwa simu, na miezi kadhaa ya masomo ya jioni. Kusikia nasikia, kuongea naongea. Sasa wiki iliyopita nilienda kufanya test ya kazi kwa shirika moja hapa mjini, wakatuomba kitu chepesi tu, nusu ukurasa, unaishi wapi, unafikaje kazini, mji wako ukoje. Nilitoka pale roho imetulia. Walipoturudishia makaratasi, yangu imejaa bic nyekundu, na si vitenzi, si maneno magumu, ni hivi vineno vya herufi mbili: in, on, at.

Nawaandikia zile zenye nilikosea. "I live at Goma." "I go to work in a motorbike." "There are many boats in the lake." "You can see the volcano on the photo." "I arrived to the office under the rain." Zote tano wamekata. Na mimi nikizirudisha mu Kifaransa naona niko sawa kabisa, à Goma, sur la photo, sous la pluie, hakuna prof angenikatia hapo. Sasa Kingereza kinataka nini? Kuna kanuni ao ni kukariri moja moja kama table ya kuzidisha? Test ingine iko kisha wiki tatu na hii kazi naihitaji kweli, nina wadogo watatu wa kulipia shule. Tafazali musinijibu "soma sana", nasoma.

mwalimu_wa_jioni

Dada, hayo makosa matano ni ya kila mutu mwenye alisoma mu Kifaransa, nafundisha Kingereza jioni hapa Katindo na hizo sentensi zako nazisahihisha karibu kila wiki. Kanuni iko. Haimalizi kila kitu lakini inakufikisha mbali.

Mambo yanaharibika pale unapouliza "à ni nini kwa Kingereza". Haina jibu hiyo. À ya Wafaransa imebeba mji, televisheni, ukurasa, jua, simu, yote mgongoni mwake, na Waingereza wanaipasua vipande: in Goma, on television, on page ten, in the sun, on the phone. Kwa hiyo acha à pembeni, angalia fasi yenyewe, halafu ujiulize, hapa naiona kama nini? Nikiiona kama kitu chenye ndani, chenye kunizunguka, ni in. Nikiiona kama uso wa kugusa ao mstari wa kufuata, ni on. Nikiiona kama alama tu kwenye karte, fasi ya kukutania, bila kujali niko ndani ao nje ao mlangoni, ni at.

Chukua ziwa letu, Kivu. Ukinipigia simu nikiwa Kituku, pale kando ya maji, nangojea samaki nitakuambia "I'm at the lake", ziwa ni alama tu, miguu yangu iko pakavu. Nikiwa naoga, nimeingia mpaka shingo, "I'm in the lake". Nikiwa ndani ya boti naenda Bukavu, "I'm on the lake", maji yamenibeba juu. Ziwa ni lile lile, mutu ni yule yule, na kila kaneno kanaleta habari yake. Ona sasa sentensi yako, "many boats in the lake". Mwenye kusahihisha alisoma kwamba boti nyingi zimezama. Wewe ulitaka on.

Goma ni mji, una ndani na mipaka, basi in Goma. Kartie pia, in Himbi, ila usiandike "quarter" kwa sababu ya quartier, andika neighbourhood. Province in, inchi in, Afrika in. Avenue ni mstari, nyumba zimejipanga pembeni yake, basi on the avenue. Ukitaja na namba ya parcelle, yaani kiwanja, hapo imekuwa nukta moja kamili, at. Na siku moja utaona mahali wameandika "at Goma", usishangae, mara nyingi ni habari ya safari: boti inasimama at Idjwi halafu inaendelea. Kwa mwenye kupita Idjwi ni nukta ya njiani. Kwa bibi yako mwenye anaishi pale ni kisiwa chini ya miguu yake, she lives on Idjwi.

Kuhusu Kiswahili chetu sasa, hapa napenda watu wafikirie vizuri. "Mu" yetu inasaidia, penye unasema mu nyumba, mu mfuko, mu Goma, mara nyingi in inakaa bila matata. Yenye inadanganya ni "ku". Ku meza, ku kazi, ku ukuta, ku bariere, kwetu yote ku moja, kwao on the table, at work, on the wall, at the border. Na Kiswahili cha vitabu na -ni yake ndiyo kinaficha zaidi. Chakula kiko mezani, tuko mezani. Ya kwanza ni on the table, ya pili ni at the table, kama unaandika "we are on the table" watu wamepanda juu na viatu. Lakini ukisoma vizuri hicho Kiswahili cha vitabu utakuta nyumbani pana, nyumbani kuna, nyumbani mna: pa ya fasi moja inayojulikana, ku ya upande wa jumla, m ya ndani. Mababu pia waliona sura tatu. Hawakukata tu pale pale Waingereza walipokata.

motari_Majengo

Mimi si mutu wa vitabu sana lakini hii "at" niliielewa kwa kazi. Kila fasi yenye nashusha mutu ni at. Wageni wenye nabeba wanasema drop me at the port, at the gate, at the airport, at the roundabout, hata mmoja sijawahi kumsikia anasema in. Nilikuwa najiuliza mbona, kisha nikaona, kwangu mimi motari fasi ni pa kusimama tu, mambo ya ndani si yangu. Pale rond-point Chukudu ile sanamu ya rangi ya zahabu iko in the middle of the roundabout, imezungukwa na barabara, lakini client wangu ananingojea at the roundabout.

Na moto, yaani pikipiki, ni on sababu unaikalia juu, umepanua miguu. Baiskeli hivyo hivyo, farasi, chukudu pia, ile trotinette ya mbao ya kubebea mizigo, mutu anaposhuka nayo mlima amepanda juu yake, he is on a chukudu. In a motorbike maana yake umeingia ndani ya moteri dada yangu.

binti_wa_Himbi

Hiyo ya boti zimezama imenichoma lakini nimeishika. Ya moto pia nimeishika. Lakini motari, mbona basi nasikia wanasema on the bus? Basi tunaingia ndani, tunafunga mlango, hatukai juu ya paa. Na taxi wanasema in. Hapo kanuni ya mwalimu inavunjika, ao?

wa_Nyawera_Bukavu

Ngoja nikusaidie hapa, mimi hiyo ya bus ilinisumbua mwaka mzima. Jaribu hivi: ukiwa ndani unaweza kusimama na kutembea? Kama ndiyo, on. On the bus, on the train, on the plane, on the ship. Kama lazima ujikunje ukae tu, in. In a car, in a taxi, in a truck. Mtumbwi in, sababu umekaa ndani yake na mbao zimekuzunguka, boti kubwa ya Goma-Bukavu on, unatembea kwenye sakafu yake kama uko nyumbani, unakunywa chai, unabadilisha kiti. Hata ukiwa kwenye mini-bus yetu yenye hauwezi kusimama bado watasema on the bus, kwa sababu ni usafiri wa watu wote, unapanda na kushuka, haijali urefu wa paa.

Na ujifunze pamoja na kitenzi chake hautakosea tena. Vya on, unasema get on na get off. Vya in, get in na get out of. Hivi viwili vinakwenda pamoja, ukisikia kimoja unajua kingine.

Ya ziwa naongeza kidogo maana sisi wa Kivu tutaandika ziwa kila siku. Mji wenye uko kando ya ziwa ao mto unasema on. Goma is on Lake Kivu, Bukavu is on Lake Kivu, na hakuna mwenye ataelewa kwamba nyumba zinaelea. Ukitaka kufafanua, Goma on the northern shore, Bukavu on the southern shore, pale mto Ruzizi unapotokea. Mpaka vilevile, Goma is on the border with Rwanda, mpaka ni mstari na mji umelala juu yake. Lakini wewe mwenyewe ukisimama na jeton yako mkononi kwenye Petite Barrière unangoja kupita, you are at the border. Kisiwa on, ila kisiwa chenye ni inchi nzima mara nyingi kinachukua in, in Madagascar.

mukubwa_wa_depo

Mimi niko mu logistique, Kingereza changu chote ni cha message na redio ya gari, na nataka kukuambia kwamba haya si mambo ya kufurahisha prof tu, yanaleta shida ya kweli.

Mwaka fulani mdogo wangu alilazwa, na munajua hapa kwetu mgonjwa analetewa chakula na ndugu zake, basi nikaenda asubuhi na termosi na uji. Nikamuandikia chef wangu, Mwingereza, "I am in hospital". Akaogopa. Akapigia simu watu wa kazini, wakapigia mke wangu, mke wangu akaanza kulia sababu alikuwa ananijua mzima. Niliporudi ananiuliza unaumwa nini. Kumbe in hospital bila "the" kwa Waingereza ni mgonjwa mwenyewe, mwenye amelala kitandani. Ningesema at the hospital, yaani niko pale tu, basi. Wamarekani wao wanaweka the, in the hospital, lakini bado ni mgonjwa. In prison ni vilevile, usiandike in prison kama ulienda kumsalimia mutu, andika at the prison!

Ingine, na hii iliniumiza zaidi, ni en face. Nilimuandikia shofa mgeni, asiyejua Kifaransa hata kidogo, "wait in front of the depot". Kichwani nilikuwa na en face du dépôt, upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli. Yeye akasimama mlangoni kabisa, gari ikaziba njia ya kutokea, tukagombana karibu saa nzima na camion tatu ziko ndani haziwezi kutoka. In front of ni devant, upande uleule, pale mlangoni. Upande wa pili wa barabara ni opposite, ao across from kwa Wamarekani. Kiswahili kinasema "mbele ya" kwa yote mbili ndiyo maana hatusikii tofauti. Kwa adrese hiki kitu ni muhimu kuliko in na on zote, naomba mukishike.

fundi_wa_Birere

Natengeneza simu na kompyuta kwa hiyo nitasema ya kwangu. Ile alama ya emeli, yenye tunaita arobase, Waingereza wanaisoma "at". Ray Tomlinson, mwenye alituma emeli za kwanza kati ya kompyuta mbili tofauti mu 1971, aliichagua hiyo alama ioneshe mutu huyu yuko kwenye mashine ile. Hayuko ndani yake, hayuko juu yake, ni pale tu penye anapatikana. Tangu nijue hiyo sijakosea at tena, najiuliza, hapa ningeweza kuweka arobase? At the office, at the bank, at my uncle's. Hiyo ya mwisho ndiyo "chez" ya Kifaransa, chez mon oncle, at my uncle's.

Na kuna vya kutembea, into, onto, through, hivyo navyo wanaweka kwenye test. Mimi navikumbuka na lava ya Nyiragongo, volkano yetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 nilikuwa mtoto, tulikimbia tukielekea Gisenyi na matelasi kichwani. The lava came down the mountain, through the town, into the lake. Down, through, into, njia yote iko pale, ukiona Nyiragongo kila asubuhi hauwezi kuisahau. Na 2021, usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano, ilishuka tena lakini haikufika katikati ya mji, it stopped at Buhene. At, sababu ni pointi ya kusimamia. Leo nyumba yetu imejengwa juu ya mawe ya ile ya 2002, on the lava. Na ile lava yenye kuchemka kule juu iko in the crater.

mwanafunzi_ISP

Mimi naona munamchosha dada na kanuni. In the tree lakini on the tree, in the corner lakini at the corner, in the street lakini on the street, kila kanuni ina adui wake. Akariri vipande na mambo yataisha.

mwalimu_wa_jioni

Ndugu wa ISP, kukariri vipande nakubali, mimi pia nafanya hivyo na wanafunzi wangu. Lakini vipande vyako vyote vina sababu, na mwenye anajua sababu anakariri mara moja, mwenye hajui anakariri kila mwezi upya. Ndege ameingia kati ya majani na matawi, amezungukwa, in the tree. Embe limeshikana na tawi, on the tree. Kona ya chumba kuta mbili zinakukumbatia, in the corner. Kona ya barabara unaiona kwa nje, ni pa kukutania, at the corner, wengine wanasema on the corner. In the street ni Waingereza, on the street ni Wamarekani, hapo hakuna kosa, chagua upande wako usichanganye ndani ya karatasi moja.

Dada, zile zako zenye zilibaki. Picha: volkano iko ndani ya ile dunia ya picha, pamoja na mawingu na ziwa, kwa hiyo in the photo. On the photo ipo, ni tone la chai likimwagikia karatasi yenyewe. Mvua: Mfaransa anaiona iko juu yake, sous la pluie, Mwingereza anaiona imemzunguka pande zote, in the rain. Jua hivyo hivyo, in the sun, kivuli in the shade, giza in the dark. Nakuomba ufumbe macho usimame mu mvua ya Goma ya mwezi wa kumi na moja bila parapuli, utaniambia kama iko juu tu ao imekuzunguka!

Na arrive, hii naomba uiandike kubwa juu ya daftari: arrive haipendi to, hata siku moja. Go to, come to, ndiyo, lakini arrive in Goma, arrive at the office, na nyumbani hakuna kitu, arrive home. Home inakataa to kila mahali, go home, come home. Ukitulia nyumbani ndiyo at home.

binti_wa_Himbi

Nimekaa na daftari usiku mzima, courant ilikatika nikamalizia na tochi ya simu. Nimeandika upya, mukate bila huruma:

"I live in Himbi, a neighbourhood in Goma. Goma is on the northern shore of Lake Kivu, and in the morning there are many boats on the lake. I go to work on a motorbike. My friend waits for me at the roundabout. In the photo on our wall you can see the volcano. Yesterday I arrived at the office in the rain. My office is opposite to a pharmacy and my table is at the corner of the room."

mwalimu_wa_jioni

Nimesoma mara mbili. Ile mvua umeipata, boti zinaelea, na "in the photo on our wall" imenifurahisha sana, in na on zimefuatana na kila moja imekaa pake. Nakata mbili tu, zote kwenye mstari wa mwisho. Opposite a pharmacy, bila to. Na meza yako iko ndani ya chumba, kuta zimeikumbatia: in the corner. Ukipenda unaweza kusema by motorbike pia, lakini hapo "a" inatoka, usiweke by a motorbike.

binti_wa_Himbi

Kona! Nilikuwa nayo in, nikaibadilisha dakika ya mwisho sababu ya motari na vituo vyake. Asante mwalimu, asante wote. Kesho natuma kipande cha pili, cha barabara ya kwenda Sake, nimeshaanza na "on the road to Sake". Kama hiyo pia ni kosa muniambie sasa hivi kabla sijaendelea.

motari_Majengo

Iko sawa. Barabara ni mstari. Endelea.